Fundi Aliyejificha Ndani ya Foronya

Nilikaa naye kwenye baraza moja miaka kumi na saba, cherehani yangu ikitazamana na yake, na sikumsikia hata siku moja akiinua sauti. Namwita Fundi kwa sababu ndivyo alivyoitwa na mji mzima wa Morogoro, mkewe akiwemo. Ukoo wake na alikozaliwa havinihusu. Ninachotaka kusema ni kwamba mtu huyu mpole, aliyeweza kukiomba radhi kitambaa akikikata vibaya, ndiye aliyekuwa Foronya.

Kama hukuwapo miaka hiyo nikueleze. Foronya alikuwa mtu aliyevaa foronya ya mto kichwani, akapanda pikipiki na kuruka vitu. Aliruka magunia ya mkaa. Aliruka rundo la kabichi za Mgeta. Aliruka mbuzi sita waliopangwa mstari mmoja, na mbuzi wenyewe walionekana kabisa kwamba hawakuulizwa. Foronya yake ilikuwa nyeupe, imetobolewa matundu mawili ya macho, na juu ya matundu hayo palikuwa na maua mawili ya uzi mwekundu na maneno yaliyotariziwa kwa herufi kubwa: LALA SALAMA. Mtu anakujia mbio kufa au kupona, na kwenye paji la uso anakutakia usingizi mzuri. Watu walikuwa wakicheka mpaka wanashikana.

Hakuichagua. Siku ya kwanza ilikuwa ya sarakasi moja ya kupita iliyofika mjini na mwendesha pikipiki wake akashikwa na tumbo. Msema chochote wao akashika kipaza sauti akauliza kama Morogoro ina mwanamume. Fundi alikuwa amesimama pale na kikapu cha kazi, na ndani ya kikapu mlikuwa na foronya ya nyumbani kwake ambayo mkewe alimpa aishone pembe iliyofumuka. Mimi nilikuwa kando yake. Nilimwona akitazama pikipiki, akatazama umati upande wa kushoto, akashtuka, akaingiza mkono kikapuni. Alitoboa matundu kwa mkasi akiwa anatembea.

Kilichomshtua upande wa kushoto alikuwa mama mkwe wake, ameketi mstari wa mbele na mwavuli wake.

Hapo lazima nieleze kuhusu mama mkwe, maana bila yeye hakuna habari. Alikuwa mama mfupi, mwembamba, mwenyeji wa Matombo kule milimani, mwenye macho ya kumtazama mtu mpaka akakumbuka madhambi yake. Mumewe alikufa kwa kuanguka kutoka kwenye mti wa doriani, na hakuwa akichuma doriani. Alikuwa akiwaonyesha wenzake kwamba anaweza kushuka kichwa chini. Tangu hapo yule mama aliwachukia wanaume wa mbwembwe. Fundi alipokwenda kuposa alikuwa bado hajawa fundi. Alikuwa akishusha kabichi kwa pikipiki kutoka Mgeta, na barabara ile, wakati wa mvua, anayeimudu amejifunza kuruka hata kama hakupenda. Mama akasikiliza washenga mpaka wakamaliza, kisha akasema neno moja kupitia kwa kaka yake, kwa kuwa mama mkwe hazungumzi na mchumba ana kwa ana: binti ataolewa naye, lakini siku matairi yakiacha ardhi, binti anarudi.

Wala hayakuwa maneno ya kutishia watoto. Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Binti yule alikuwa na shamba lake la ukoo kule Matombo, lenye migomba, mikarafuu na nyumba ya bati. Mke wa namna hiyo humtishi kwa talaka. Yeye ndiye anayekutisha. Na Fundi alimpenda mkewe kupita kiasi. Akaapa, akauza pikipiki, akajifunza cherehani, akaoa. Miaka minane matairi hayakuacha ardhi. Halafu ikaja ile sarakasi.

Nilimuuliza siku ya pili yake, "Fundi, umeingiwa na nini?"

"Dada, sijui," akasema. "Nilikuwa nafikiria zipu ya suruali ya mwalimu, mara nikajikuta juu."

Nadhani alisema kweli. Sarakasi ilipoondoka akanunua pikipiki kuukuu, akaificha nyuma ya duka la mbolea, na mji ukaanza kumwalika kwenye sherehe zake.

Utaratibu wake wa kazi ulikuwa wa kifundi. Hakupima kwa mita. Alipima kwa tepu yake ya cherehani, ile laini ya inchi, akiwa amepiga magoti uwanjani na chaki sikioni, na foronya kichwani, anaitandaza tepu, anaweka alama, anaitandaza tena. Umbali aliutaja kwa nguo. Mbuzi sita walikuwa suruali mbili na nusu. Kabichi za Mgeta zilikuwa shuka moja na gauni. Alijua kwamba kwa mwendo fulani, kutoka kwenye mbao iliyoinuliwa kwa pembe fulani, pikipiki yake huruka tepu kumi kamili, haizidi wala haipungui, na hapo ndipo alipopanga magodoro ya kutulia. Kila mara alitua katikati ya godoro la pili. Vijana wa bodaboda walimwita mwamba. "Huyu mwana noma sana," walisema, wakimtazama mzee wa miaka arobaini na sita akikunja tepu yake vizuri na kuitia mfukoni.

Wakati fulani aliona haya kuonekana na foronya akajishonea kinyago cha maana, kitambaa cheusi, zipu nyuma, na mimi nikamsaidia ovaloki, kuzifunga kingo zisifumuke. Alipotokea nacho uwanjani watu wakazomea. Walitaka Lala Salama yao. Ilibidi arudi nyuma ya duka la mbolea akabadilishe.

Sasa, nani alijua? Bora uulize nani hakujua. Mji mzima ulijua ndani ya wiki mbili, kwa sababu Fundi alikuwa na mguu wa kushoto unaotazama nje kidogo, na foronya haifiki miguuni. Lakini watu walijua pia habari ya mama mkwe, na hakuna mtu Morogoro asiye na mkwe. Basi mji ukakubaliana bila kikao. Askari wa barabarani alipita barazani kwetu akasema, "Fundi, ukionana na Foronya mwambie apunguze mwendo pale sokoni." Fundi akaitikia, "Nikimwona nitamwambia, afande." Wateja walikuja wakasema, "Suruali naitaka Jumamosi. Ah, Jumamosi haupo, una msiba," maana msiba ndio uliokuwa udhuru wake wa kila onyesho. Sheikh, baada ya swala, aliwakumbusha waumini kwamba anayevaa foronya asome dua kabla ya kuruka, akimtazama Fundi kama mtu anayetazama saa ya ukutani.

Wasichana wa shule ya Kilakala, ambao tuliwashonea sketi, ndio waliomtesa zaidi. Walilelewa vizuri. Walijua aliye ndani ni mtu mzima, kwa hiyo alipowapita uwanjani walisema wote kwa pamoja, "Shikamoo Foronya!" Yeye alikuwa ameapa kutofungua mdomo akiwa ndani ya foronya, mama mkwe asimjue sauti. Lakini kuacha shikamoo ining'inie hewani kulimuuma. Nilimwona siku moja amesimamisha pikipiki akiwa tayari anaelekea kwenye mbao, akashusha mguu, akaweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa kwao kwa heshima, kisha akageuza na kuanza upya.

Na mama mkwe? Mama mkwe hakukosa hata onyesho moja. Alishuka kutoka Matombo na mwavuli, akaja kukaa mbele, na huyo mama niliyekueleza kwamba anachukia mbwembwe alisimama akapunga khanga akipiga kelele, "Mruke! Mruke huyo!" Baadaye alikwenda kwa binti yake kula chakula cha mchana. Fundi alikuwa amekwisha fika kwa njia ya nyuma, amenawa, amevaa kanzu, amekaa pembeni na macho chini kama inavyompasa mkwe.

"Leo nimeona mwanamume," mama alikuwa akimwambia binti yake, kwa sauti ya kumfikia mkwe asiyezungumza naye. "Mwanamume hasa. Siyo hawa wa kuinama kwenye cherehani kutwa."

Hili ndilo jambo ambalo sikuwahi kulielewa kwa Fundi, na nimelifikiria sana: alimwonea Foronya wivu. Kwa dhati. Alikuja barazani Jumatatu amenuna, akakanyaga cherehani kwa hasira.

"Mama anamsifu yule mhuni mbele ya mke wangu," aliniambia.

"Fundi, mhuni ni wewe."

"Najua. Lakini yeye hajui kama ni mimi. Kwa hiyo anamsifu mwingine."

Nikamwambia kama ni hivyo amwambie mama ukweli. Akanitazama kama nimemwambia avue nguo sokoni. Alimtaka mama amsifu, na alimtaka mama asijue, na vyote viwili alivitaka kwa moyo mmoja. Nilipomcheka hakucheka.

Sifa zake zilifika mpaka Kisaki. Wakamwalika, akapanda lori na pikipiki yake nyuma kwenye mizigo, nami nikaenda, kwa kuwa mtu lazima amshikie kanzu. Kisaki palikuwa aibu. Aliruka mapipa saba ya maji, akatua vizuri, na watu wakapiga makofi ya adabu tu. Mzee mmoja akanong'ona kwa mwenzake, lakini nikamsikia: "Karuka pipa. Sisi juzi tembo kaingia jikoni kwa shemeji, akatoka na sufuria." Njiani kurudi, tulipokaribia nyumbani, Fundi akauliza kama nadhani sufuria ilikuwa na chakula.

Nimekwepa kwa muda mrefu kufika kwenye siku ya kuanguka, kwa sababu kuna kosa langu ndani yake.

Ilikuwa sherehe kubwa, na mgeni rasmi alikuwa mheshimiwa mmoja ambaye sina haja ya kumtaja; alikaa chini ya turubai na meza mbele yake, kitambaa cheupe, chupa za maji, na keki ya ghorofa tatu. Fundi alipangiwa kuruka magari mawili madogo na kutua mbele ya turubai, ili mheshimiwa aone vizuri. Asubuhi ile tepu yake ilikuwa imebaki nyumbani. "Dada, niazime yako," akasema, nami nikamtupia bila kuinua macho, kwani nilikuwa nabana marinda ya sketi.

Tepu yangu ilikuwa imekatika mwanzoni. Inchi nne za kwanza zililiwa na mkasi zamani sana, na mimi nilizoea kuanzia nne na kutoa. Nilizoea mpaka nikasahau kwamba ni kilema. Kila fundi ana tepu yenye kilema chake na hesabu yake kichwani, ndiyo maana mafundi hawaazimani tepu, na mimi niliyejua hivyo nilimwazima. Akaitandaza mara kumi, foronya kichwani na chaki sikioni, na kila mara zikapotea nne. Arobaini. Magodoro yakapangwa karibu mno na magari kwa inchi arobaini, na yeye akaruka tepu kumi zake za siku zote.

Nimesikia watu wakisema Foronya alishindwa. Hakushindwa. Alipita. Alipita magari, akapita godoro la kwanza na la pili, gurudumu la mbele likagusa ukingo wa la tatu, la mwisho, na kumrusha peke yake, na akaingia chini ya turubai mikono mbele, akatua juu ya meza. Mheshimiwa alijirusha kando vizuri kuliko nilivyotarajia kwa umri wake. Keki ilikwenda yote.

Foronya alikuwa amelala kati ya viti, goti limegeuka, na foronya imezunguka kichwani mpaka matundu ya macho yako kisogoni na maneno LALA SALAMA yamebanwa chini ya sikio. Alikuwa haoni kitu. Alipapasa hewa. Watu wakamkimbilia, na kijana mmoja, kwa nia njema kabisa, akashika pembe ya foronya ili amvue apate hewa. Mimi nilikuwa mbali. Miaka yote ile, kiapo, mke, shamba la Matombo, vyote vilikuwa mkononi mwa kijana yule, na niliyeviweka pale ni mimi na tepu yangu.

"Muache!" ikasikika sauti. "Muache, muache! Asiguswe kichwa!"

Mama mkwe aliwapita watu kwa mwavuli, akaanguka magotini pembeni ya Foronya, akaishika ile foronya kwa mikono miwili shingoni na kuikaza. "Mtu kajisitiri, nyinyi mnamfunua? Hamna haya?" Akaita machela. Akaifuata machela, mikono haikuachia. Na ndani ya foronya mle, Fundi, ambaye katika miaka yote ya ndoa hakuwahi hata kumpa mama huyo mkono, alikuwa ameshikwa shingo na mkwe wake, na goti limevunjika, na hakuthubutu kusema "ai."

Mimi nilidhani ni ushabiki. Nilimshukuru Mungu kwamba yule mama anampenda Foronya kiasi kile.

Hospitali walimfunga plasta akiwa na foronya, wakamwandika hivyohivyo kwenye fomu. Kesho yake Fundi alikuwa nyumbani, plasta mpaka nyongani, na habari iliyotolewa ni kwamba ameteleza bafuni. Mama mkwe alifika kumpa pole. Alisimama mlangoni kama heshima inavyotaka.

"Nasikia mumeo ameteleza," akamwambia binti yake.

"Ndiyo, mama," akajibu binti.

"Siku ileile na Foronya. Siku ilikuwa mbaya." Akaweka chini mkungu wa ndizi, akaenda zake.

Hakuruka tena. Goti lilipona vibaya. Kwa muda watu waliuliza, na Fundi alijibu, "Nasikia yuko Kisaki siku hizi." Vijana wa bodaboda wakaanza kuvaa mifuko ya nailoni na kurukia mitaro, wakajipiga video, na kila video chini watu waliandika kwamba hakuna kama Foronya. Fundi alizitazama kwenye simu yangu, na mara moja akasema: "Hawapimi." Wateja nao wakasahau kidogo kidogo. Watoto wapya wa Kilakala walikuja kupimwa sketi na kumwamkia kama wanavyomwamkia mzee yeyote. Hilo lilimwuma kuliko goti. Nilijua, na sikuwahi kumwambia habari ya tepu mpaka mwaka wa pili wake. Nilipomwambia akasema, "Inchi nne tu, dada?" kisha akaendelea kushona.

Mwaka jana mama mkwe aliugua. Tukapanda Matombo wote watatu, Fundi, mkewe, na mimi, ambaye kwa sasa ni kama wifi katika nyumba ile. Tulimkuta ameketi uani kwenye jamvi, amekuwa mdogo, lakini macho yalikuwa yaleyale. Fundi akasimama mbali, akaamkia kwa kuinama. Mama akamgeukia binti yake.

"Kuna kitu nakitamani kabla sijaondoka," akasema. "Nimwone tena yule Foronya. Hata mara moja."

Binti akamtazama mumewe. Mumewe akatazama milima.

"Yuko Kisaki, mama," akasema Fundi kwa sauti ndogo.

"Kisaki si mbali," akasema mama, bado akimtazama binti yake.

Foronya ilikuwamo kikapuni. Sikujua kwamba alitembea nayo siku zote hizo, imekunjwa chini ya chaki na mkasi. Akaaga kwamba anakwenda msalani, akachechemea mpaka nyuma ya nyumba, na baada ya kitambo akatokea Foronya kutoka kwenye migomba, juu ya baiskeli ya jirani. Uani palikuwa na ndoo tatu za maji. Akashuka, akatoa tepu yake, akapiga goti moja, lile zima, na akazipima ndoo. Hapo nilianza kulia, mimi ambaye nimekaa miaka yote nikimcheka. Akaziweka mstari, akaegemeza ubao kwenye jiwe, akapanda, akaja kwa mwendo wa mtu anayekwenda sokoni. Baiskeli iliruka ndoo ya kwanza na ya pili. Ya tatu iliruka na yeye. Akaanguka upande, maji yakamwagika, akajigonga goti lilelile kwenye jiwe, akasimama haraka, akainama kwa heshima na kuondoka akikokota baiskeli.

Mama mkwe alikuwa akipunga khanga yake kwa mkono mmoja. "Mruke!" alikuwa akisema kwa sauti iliyokwisha. "Mruke huyo!"

Baada ya kitambo Fundi akarudi kutoka upande wa msalani, amevaa kanzu kavu, amepangusa uso, macho chini. Akasimama mahali pake, mbali, kama inavyompasa mkwe.

"Umechelewa, baba," akasema mama, na safari hii alizungumza naye mwenyewe, uso kwa uso, kitu ambacho sikuwahi kukiona. "Umemkosa. Keti hapa kwenye jamvi, upumzishe hilo goti."

Fundi hakuketi. Mkewe alikuwa ameficha uso ndani ya upande wa khanga, na mabega yalikuwa yakimtikisika.

"Na kaniletee ile foronya," mama akaendelea. "Nilizitarizi mbili za harusi yenu, miezi mitatu kila moja, nikajitoboa vidole kwa ajili yenu. Unadhani siujui mshono wangu? Tangu siku ya kwanza naiona pembe ile imefumuka na hakuna fundi anayeishona." Akanigeukia mimi. "Wewe mwenye macho, hebu nitungie uzi. Mwekundu."

Nikafungua kikapu cha Fundi, nikatafuta sindano.